Bendera Zote Kulia

Asubuhi ya mbio, Jethro Pask aliangusha kikombe cha tatu kwa wiki ile, na mama yake akaona sasa imetosha.

"Hivi mwanangu, mkono wako umeingiwa na nini? Baba yako alikunywa mpaka siku ya kufa kwake, lakini kikombe alikishika."

"Kimeteleza, mama."

"Kimeteleza! Kimeota miguu?"

Keziah, mke wa Jethro, aliinama akaokota vigae. Kikombe kilikuwa upande wa kushoto. Kila kilichovunjika nyumba ile tangu Oktoba kilikuwa upande wa kushoto wa Jethro: bakuli la siagi, kioo cha taa, na nusura pua yake mwenyewe alipougonga mwimo wa mlango alioupita kwa miaka kumi na mmoja. Bibi kizee alidhani ni pombe ya kujificha. Majirani walidhani ni mapenzi ya nje, maana pale kwetu Marlby mwanamume akianza kujigongagonga, watu humtafutia mwanamke. Wote walikosea.

Jicho lile ukilitazama lilikuwa zima kabisa, la buluu kama mwenzake, linapepesa, linatoa machozi penye upepo. Ila halikuona. Msimu wa vuli farasi alimrusha kichwa mbele ndani ya handaki. Akainuka, akatema matope, akapanda tena, akamaliza wa tatu, na watu wakampigia makofi. Siku ya nne ukungu ukaingia pembeni mwa jicho, na kufikia Krismasi upande ule ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Waliojua ni wawili tu, yeye na Keziah.

Tangu hapo alijitungia upandaji mpya. Hakuongoza tena. Alimwacha mwenzake atangulie, yeye akaganda nyuma ya mkia: mkia ukiruka, naye anaruka, mkia ukikata kona, naye anakata. Mwishoni kabisa, mbele pakiwa majani matupu na nguzo za kumalizia zinaonekana, ndipo anamwachia farasi. Alishinda mara mbili kwa namna hiyo. Vilabuni wakambandika jina, Pask Mvumilivu, na vijana wa mbio wakaanza kuuiga uvumilivu ambao kumbe ulikuwa upofu.

Vigae havijafika jalalani, mlango ukafunguliwa. Aliyeingia hakubisha, kwa kuwa mlango ulikuwa wake. Bwana Crowhurst alikuwa mkulima mwenye farasi kumi na wawili na nyumba saba, na ndani ya kila nyumba ameweka mtu mwenye kazi yake: ile ya mkama ng'ombe, ile ya mchunga kondoo, na hii ya mpanda farasi. Kazi ikiisha na nyumba imeisha.

"Umelalaje, Pask?"

"Salama, Bwana."

"Barnaby naye amelala salama. Kala shayiri yake yote, karibu ale na ndoo." Akavuta kiti, akakaa. Keziah aliona amekaa wapi: kushoto. "Leo sikudanganyi, nataka huu ushindi kuliko nilivyomtaka mke wangu. Kapteni Vyse ameninyanyasa mwezi mzima pale hotelini. Eti mimi namlipa mchunga mikia."

Jethro akageuza shingo yote kama bundi. "Mkia si kitu, Bwana. Tutazame pua mwishoni."

Crowhurst akacheka. Bibi kizee, asiyejua kukaa kimya, akadakia. "Bwana, yule jike wa kijivu yuko wapi? Siku hizi simwoni akipita."

"Nimemuuza kwa wafuga mbwa wa kuwindia."

"Awabebe?"

"Wamle, mama. Jicho lake moja lilikufa. Farasi wa jicho moja haaminiki, ataua mtu." Akainuka, akatazama dari kwenye kona inayovuja. "Baada ya mbio nitamleta fundi aezeke pale. Pask anajua kwamba mimi mtu wangu simsahau."

Alipotoka, bibi kizee alifunga mlango. Kisha akasema jike yule alikuwa na macho mazuri, maskini.

Jethro alimvuta Keziah nyuma ya nyumba, penye kuni. Akamshika mikono yote miwili.

"Kez, niapie. Leo litokee litakalotokea, mdomo wako utie kufuli."

"Jethro..."

"Nikianguka, nimeanguka kama wanaume wenzangu wanavyoanguka. Nikivunjika, nimevunjika, na Crowhurst hawezi kumtupa nje mtu aliyevunjikia juu ya farasi wake, watu watamsema. Lakini wakijua nilipanda sioni, hata pole sitapewa. Mama atakwenda kufia nyumba ya maskini. Unamwona mama nyumba ya maskini? Siku mbili atakuwa ameshagombana na kuta."

Keziah alicheka bila kutaka, na wakati bado anacheka akaapa. Aliapa kwa kaburi la baba yake.

* * *

Siku zile hapakuwa na uwanja. Mbio zilikatiza katikati ya mashamba ya watu, maili nne, kutoka mnara wa kanisa hili hadi mnara wa kanisa lile au kuzunguka na kurudi, na njia ilifichwa mpaka asubuhi yenyewe, wapandaji wasije wakatangulia na mashoka kujikatia matundu kwenye nyua za miiba. Kwa hiyo ua wa hoteli pale Thornbeck ulikuwa umefurika. Wachinjaji, watengeneza viatu, mabwana juu ya farasi zao, wanawake na vikapu, na muuza samaki, mikunga wa kuchemsha, anayepiga kelele kuliko wote. Wote walikuja kusikia njia.

Bwana Ellicombe, mwamuzi, alipanda juu ya pipa, akakunjua karatasi.

"Wapandaji tisa. Uzito ni ratili mia na sitini na nane, kabla na baada. Mtu hapiti kwenye geti lililo wazi. Mtu hafuati barabara zaidi ya hatua mia. Ukianguka, ruhusa kupanda tena. Baada ya kumaliza, mtu hashuki mpaka amefika mizani. Akigusa chini, mguu wake umemponza." Watu wakacheka. "Na bendera. Bendera zote ni nyekundu, na zote utaziacha mkono wako wa kulia. Nasema tena. Kulia. Atakayeiacha bendera kushoto arudi aipite upya, au aende nyumbani akalale."

Keziah, aliyesimama karibu na kisima, alihisi kifua kikifunguka. Kulia! Zingekuwa za kushoto, mumewe angekuwa kipofu wa mbio nzima. Jethro, aliyevaa koti la kijani la Crowhurst, alimtafuta kwa kugeuza kichwa, akampata, akamkonyeza. Karibu acheke waziwazi.

"Shemeji!" Lanty Feehan, Mwailandi aliyempandia Kapteni Vyse, alipita na tandiko begani. "Umemlisha nini huyu leo? Anacheka peke yake kama bwana harusi."

"Wewe tangulia tu, Lanty. Njia nzima utaisikia pumzi yake kisogoni."

"Najua, shemeji. Mke wangu hanifuati hivyo!"

Wapandaji wakapimwa, wakapanda, wakaondoka na mwamuzi kuelekea kilima cha kuanzia, maili moja na nusu upande wa pili wa bonde. Umati ukaanza kumwagika mashambani, kila mtu akienda anakotaka kuona watu wakianguka. Maana tusidanganyane, wengi hawakuja kuona nani anaruka vizuri.

Mama Dimmock, mfuaji wa nguo na gazeti la kijiji, alimshika Keziah mkono. "Twende, nina mahali. Mume wangu ndiye aliyebeba bendera kwenye mkokoteni. Tangu alfajiri! Ya kwanza kwa mjane Tuck, ya pili kinuni, kisha kijito, maji yamejaa hayo, watazama kama chapati kwenye chai..."

"Na ya mwisho?"

"Ya mwisho ndiyo nakupeleka. Kwa Hobday, kule juu, kwenye ua wa machimbo."

Keziah alisimama. Mtu wa nyuma akamgonga na kikapu, akamtukana, hakusikia.

Machimbo ya mawe ya Hobday aliyajua kuliko alivyokijua kitanda chake. Baba yake alivunja mawe mle miaka ishirini, na yeye alimpelekea chakula kila adhuhuri. Siku hizi yalikuwa yameachwa. Ua wa miiba ulipita juu ya ukingo wake kama nyusi juu ya jicho, mrefu, mnene, isipokuwa mahali pamoja: pale mikokoteni ilipokuwa ikiingilia, Hobday alikuwa ameziba kwa fito fupi, kiasi cha kifua cha mtoto. Ukitoka bondeni unapaona pale na moyo unatulia. Mtu yeyote, farasi yeyote, atapachagua pale. Na nyuma ya zile fito njia ya mikokoteni ilishaporomoka zamani, hapana kitu, ni hewa; ardhi iko zaidi kushoto tu.

"Wameiweka upande gani wa pengo?" aliuliza.

"Kushoto kwake, mwenzangu, ndiyo maana ya bendera! Bendera kulia kwako, wewe unapita zaidi kushoto, penye ua mrefu. Pengo unaliacha. Mtoto mdogo anaelewa."

Keziah alielewa. Bendera zote kulia, jicho zima ni la kulia, wao wakashangilia kama wajinga. Lakini kuiona kulia ni mpaka uwe umeshaipata njia. Ukishapotea ukaelekea pengoni, bendera iko kushoto kwako. Jethro hataiona. Ataangaza kulia, ataona ua mtupu, atasema bendera bado iko mbele, na atachagua pafupi.

Aligeuka kutazama kilima cha kuanzia. Vijikoti vya rangi vilikuwa vimeshajipanga, vidogo kama vifungo. Hata angekuwa na mabawa asingewahi.

"Kuna mkia," alisema kwa sauti. "Atafuata mkia."

"Mkia gani?" Mama Dimmock aliuliza. "Keziah, mbona umepauka hivyo? Una mimba?"

* * *

Palikuwa na watu kama arobaini pale ukingoni, pamoja na mabwana wanane waliopanda farasi, Kapteni Vyse mmoja wao, sigara mdomoni, akiangalia bondeni kwa darubini na kuwatangazia wengine bila kuombwa.

"Wameanza. Feehan anaongoza. Mchunga mikia yuko wa pili, bila shaka, amekaa kama kupe."

Keziah alimshukuru Mungu kwa neno kupe. Kaa hivyohivyo, Jethro. Ng'ang'ania.

Kwa mjane Tuck wakaanguka wawili. Kinuni mmoja akagoma, mpandaji akaruka peke yake bila farasi na watu wakashangilia mpaka kofia zikaruka. Jike wa Feehan, mweusi, alikuwa bado mbele, na nyuma yake kitu cha kijani kimeganda, hatua mbili, hatua tatu, hakipungui hakizidi. Wengine walishaachwa mashamba mawili nyuma.

"Sasa kijito," Kapteni alisema.

Mtu aliyewekwa kuishika bendera ya mwisho, mtumishi wa hoteli, alishindwa kuvumilia. Aliichomeka bendera ardhini, akakimbia kuteremka mlimani aone maji yatakavyowameza watu. Nusu ya umati ikamfuata.

Jike mweusi alifika kijitoni kwa kasi, akapima vibaya. Miguu ya mbele ilifika ng'ambo, ya nyuma haikufika. Akaporomoka kinyumenyume, Feehan akatoweka ndani ya maji ya rangi ya kahawa, na hapohapo, karibu juu ya kichwa chake, Barnaby akapita hewani, akatua ng'ambo, akajikwaa, akasimama vizuri, akaanza kupanda mlima.

Umati ulipiga ukelele wa furaha. "Pask! Pask Mvumilivu!"

Mbele yake hapakuwa na mkia. Hapakuwa na kitu ila shamba lililolimwa, mwinuko wa majani, na ua wa Hobday.

"Yuko peke yake," Mama Dimmock alisema, anarukaruka. "Kez, mmeshinda! Yuko peke yake!"

Keziah alimwona akigeuza kichwa. Kulia. Tena kulia. Anaitafuta. Kisha akaona hatamu ya kulia ikivutwa kidogo, kidogo tu, na Barnaby akaelekeza masikio penye fito fupi.

"Anakwenda wapi huyo?" akauliza mmoja wa mabwana.

"Anaiona," Kapteni alijibu. "Kubwa kama shuka la kitanda. Sasa hivi atageuka."

Hatua mia. Keziah aliusikia udongo ukitimuliwa na kwato. Alilikumbuka kaburi la baba yake, akaikumbuka kona ya dari inayovuja, na mama mkwe, na mikono ya Jethro penye kuni. Aliufumba mdomo mpaka meno yakauma ulimi. Hatua themanini. Huenda akageuka. Huenda Barnaby mwenyewe atagoma, farasi wana akili. Hatua sitini. Mama Dimmock akaacha kurukaruka.

"Mbona hageuki? Kez, bendera si ile pale? Anaiona, si anaiona?"

"Kushoto!" Sauti iliyomtoka Keziah haikuwa yake, ilikuwa ya wale wanawake wanaoita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Jethro! Kushoto! Bendera iko kushoto kwako! Machimbo! Jethro, kuna shimo!"

Mpandaji hakugeuka. Hatua moja nzima hakugeuka, na wote waliokuwepo pale walikuja kuapa baadaye kwamba alisikia. Kisha mwili wote wa kijani ukalala kushoto, hatamu karibu zikatike, Barnaby akateleza, akapinda shingo, bega lake likaikumba bendera akiipita, na bila nafasi ya kukusanya miguu akaruka ua mrefu palepale, miiba ikimchana tumbo. Upande wa pili kwato zikasikika zikigonga ardhi ngumu. Ardhi. Keziah aliketi kwenye matope.

Watu walipiga kelele dakika nzima. Kisha, kama wanavyofanya watu, wakaanza kufikiri.

Kapteni Vyse aliitoa sigara mdomoni. Alimtazama mwanamke aliyeketi chini, akaitazama bendera nyekundu iliyolala ubavu, akamtazama tena mwanamke.

"Mama," alisema kwa upole uliotisha, "kwa nini mume wako aambiwe iliko bendera?"

Mama Dimmock, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa neno, alivua shali yake akamfunika nayo Keziah mabegani.

* * *

Mizani ilining'inizwa ndani ya ghala nyuma ya hoteli: kiti upande mmoja, vyuma upande wa pili. Keziah alipofika, anahema, sketi nzito kwa tope, Jethro alishakalishwa kwenye kiti na tandiko mapajani. Uso wake ulikuwa umechanwa na miiba. Crowhurst alikuwa akiwapiga watu mabega, hata wasiomfahamu. Feehan, aliyepanda tena akafika wa pili, alisimama pembeni akitiririka maji.

"Uzito sawa," alitangaza Bwana Ellicombe. "Mshindi ni Barnaby wa Bwana Crowhurst."

"Nina neno," Kapteni alisema kutoka mlangoni.

"Pingamizi?"

"Hapana, hapana. Nataka kumpongeza mshindi tu. Naruhusiwa?"

Akaingia kwa kunyata. Keziah aliona anapita nyuma ya kiti, anazunguka, anasimama kushoto, mkono umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shavu la Jethro. Akaunyoosha mkono wa kupongeza.

Jethro aliendelea kutazama mbele, akitabasamu kwa mwamuzi.

Mwanzoni watu walicheka. Walidhani Pask amemnyima Kapteni mkono, na walilipenda jambo lile. "Mnyime, Pask!" mtu akapaza sauti. Lakini mkono ulibaki pale hewani, na tabasamu la Jethro likabaki palepale, wala haukuwa uso wa mtu anayemnyima mwenzake kitu. Kicheko kikaanza kupungua, huyu akanyamaza, yule akanyamaza, mpaka ukasikia maji ya Feehan yakidondoka sakafuni.

Keziah angeweza kusema neno. Lakini ukelele wa kumwokoa alikuwa ameshautoa, na wa kuiokoa nyumba hakuwa nao.

Jethro ndiye aliyeusikia ule ukimya. Tabasamu likamtoka. Akageuza shingo, pole pole, mpaka jicho la kulia likaukuta mkono, na mwisho wa mkono Kapteni.

"Nimekusimamia hapa siku nzima, Pask," alisema Kapteni.

Jethro akaupokea ule mkono. Angefanya nini?

Mwamuzi alifungua karatasi yake, akaisoma yote, akaigeuza nyuma. "Masharti hayasemi macho mangapi," alisema hatimaye. "Ushindi unabaki."

"Sitaki ushindi wa karatasi," Kapteni alijibu, akiwasha sigara. "Nilitaka tu Crowhurst ajue anamlipa nani."

Crowhurst alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Tangu lini?"

"Tangu Oktoba, Bwana."

"Umempanda farasi wangu mara nne hivyo?"

"Na nimeshinda mara tatu."

Mtu akacheka, na kicheko kile ndicho kilichowamaliza, maana Crowhurst angeweza kusamehe mengine yote ila kuchekwa mbele ya Vyse. Hakupaza sauti. Alisema Jumamosi atamleta mtu mwingine pale nyumbani, mwenye mke na watoto, kwa hiyo wapafagie. Alisema na tandiko liachwe hapohapo kwenye mizani. Jethro alisimama, akalishikilia kidogo, akaliweka kwenye kiti kama mtu anayelaza mtoto.

Feehan alimfuata mlangoni. "Ndugu yangu, ungeniambia. Haki ya Mungu ningekuimbia njia nzima."

"Ndiyo maana sikukwambia, Lanty. Unaimba vibaya."

* * *

Waliondoka Thornbeck kwa miguu. Jua lilikuwa bado juu, watu walirudi vilabuni kwa makundi, na kila kundi lilinyamaza likiwapita kisha likaanza upya nyuma yao. Penye njia panda ya Marlby, Jethro hakukata kona ya nyumbani.

"Nionyeshe," alisema.

Keziah akampeleka. Shamba la Hobday lilikuwa tupu sasa, limekanyagwa, mifupa ya mikunga imetapakaa. Alama za kwato zilionekana wazi: zinapanda moja kwa moja kuelekea pengo, kisha zinapinda ghafla, tope limekwanguliwa kama kwa jembe. Jethro alichuchumaa, akazipima kwa shubiri toka ilipoanzia kona mpaka kwenye fito. Hakusema zilikuwa shubiri ngapi.

Akaegemea fito, akageuza kichwa, akatazama chini kwa muda mrefu. Kule chini palikuwa na maji meusi kidogo na mawe ambayo baba yake Keziah hakumaliza kuyavunja.

"Uliapa," alisema.

"Niliapa."

"Nyumba imekwenda."

"Imekwenda. Nitamwambia mama mimi, kama unaogopa."

Jethro alitikisa kichwa.

"Nilikusikia mara ya kwanza," Jethro alisema. "Uliposema tu kushoto. Nikajua ni wewe, na nikajua wamesikia wote. Nikasema moyoni, nikigeuka, nimekwisha. Nisipogeuka, labda amekosea." Akazishika fito. "Nikamwacha Barnaby aende, Kez. Hatua moja. Nilimwacha kwa kusudi."

"Hatua moja?"

"Moja."

Keziah alimtazama. Alitazama shimo, akamtazama tena. Kisha akamzaba kofi. Alimzaba kwa mkono wa kushoto, mkono asiouzoea, ili lije upande wa jicho zima, alione linavyokuja.

Jethro aliliona. Hakukwepa. Alisimama akishika shavu, machozi yakimtoka macho yote mawili, na alipoweza kusema, aliuliza kama viazi vya jana vimebaki, maana tangu asubuhi hajala kitu.

"Vimebaki," Keziah alisema. "Twende, kabla mama hajasikia kwa Mama Dimmock."